Je, Wajua? Taycan Mbili, Betri Moja

Je, wajua kwamba gari la umeme la Porsche, Taycan Turbo S, na nduguye Taycan Turbo GT hutumia betri ileile ya kilowati-saa 105? Hata volti ni zilezile 800. Lakini katika matoleo ya 2024, Turbo S hutoa nguvu za farasi 952 inapochomoka, na Turbo GT hufikia 1,108, ingawa kwa sekunde 2 tu.

Wajua tofauti hiyo inatoka wapi? Kwenye inveta, kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa kuzungusha mota. Ile ya nyuma katika Turbo S hupitisha hadi ampea 600. Katika Turbo GT ni ampea 900, na imeundwa kwa kabidi ya silikoni, ambayo haipotezi umeme mwingi kwa njia ya joto. Binafsi naona hapa ndipo ufundi wote ulipo, kuliko kwenye umbo linalopigwa picha.

Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Turbo S huchukua sekunde 2.4. Turbo GT yenye vifaa vya Weissach, yaani toleo lake jepesi zaidi, huchukua 2.2. Mbona pengo ni dogo hivyo?

Kwa sababu mbio za kunyooka hazisemi mengi. Nenda Nürburgring, Ujerumani, penye njia ya kilomita 20.8 iliyojaa kona na miinuko. Agosti 2022, dereva Lars Kern aliizunguka na Turbo S ya toleo la awali kwa dakika 7 na sekunde 33. Januari 2024 Porsche ikatangaza kwamba Kern huyohuyo, akiwa na Turbo GT ya Weissach, ametumia dakika 7 na sekunde 7.55. Sekunde 26 hizo hazikuletwa na mota peke yake. Bawa la nyuma na maumbo mengine ya bodi hukandamiza gari chini kwa nguvu ya hadi kilo 220, na tairi zake hung'ang'ania lami kwenye kona.

Na wajua viti vya nyuma vya Turbo GT hiyo ya Weissach vilikwenda wapi? Viliondolewa! Weissach, mahali ambapo Porsche huyafanyia magari yake majaribio, ndiko kulikolipa jina toleo hili lenye viti viwili, lililopunguziwa pia vizuia kelele. Limepungua takriban kilo 70, na Porsche haitozi nyongeza yoyote kwa kulichagua.

Kasi ya juu? Turbo S kilomita 260 kwa saa, Weissach 305.

Mwenye familia achukue Turbo S bila kusita. Ina viti vya nyuma, na kwa vipimo vya Ulaya huweza kufika hadi kilomita 630 kwa chaji moja, wakati Turbo GT huishia karibu 555. Kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha, zote mbili hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18.