SAFU, MLALO NA WIMA: ISTILAHI ZA KIDHIBITI CHA KIBODI

Katika ufundi, neno moja lenye maana mbili laweza kumpotosha msomaji kuliko kukosekana kwa neno. Mojawapo ni safu. Tusemapo safu za viti darasani, twamaanisha vilivyopangwa kwa upana. Lakini safu ya gazeti huteremka kutoka juu hadi chini. Mfasiri wa maandishi ya umeme hana budi kuutatua utata huu.

Tuchukue mfano wa fundi wa Igowole, wilayani Mufindi, aliyeokota kibodi ambayo vibonye vyake vimeharibika, lakini kidhibiti chake, yaani kibao cha umeme kitambuacho kibonye kilichobonyezwa, ni kizima. Ataka kukiunganisha na vibonye vingine. Kibodi za IBM za vibonye 101, zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1980, hazikuwa na waya mmoja kwa kila kibonye. Nyaya 16 zilipishana na nyaya 8, zikafanya makutano 128 kwa nyaya 24 tu. Mpango huo huitwa matriki. Wafanana na bao letu lenye mistari 4 ya mashimo 8: shimo hutambulikana kwa mstari wake na nafasi yake.

Ili kuigundua matriki, fundi hukiunganisha kidhibiti na kompyuta, kisha kwa kipande cha waya hugusanisha ncha mbili za kidhibiti na kuandika herufi itokeayo kwenye skrini. Ncha mbili za kundi moja hazitoi herufi kamwe. Moja ya kila kundi ndizo zifanyazo kibonye. Akimaliza, huwa na jedwali kamili.

Sasa mwongozo ukisema, "unganisha safu ya 3 na safu ya 5," afanyeje? Huenda akagusanisha ncha za kundi moja, asione herufi, akadhani kidhibiti kimekufa, akakitupa kingali kizima. Kosa si lake, bali ni la mfasiri.

Twapendekeza, basi, safu mlalo na safu wima ziandikwe kwa ukamilifu zitajwapo mara ya kwanza, na baadaye mlalo na wima. Mahali zipishanapo paitwe makutano. Neno safu lisiachwe peke yake katika jedwali lolote, liwe la umeme, la hesabu au la ofisi.