KOMPYUTA YA CHAMA NYUMBANI KWA KATIBU



Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikwisha zamani, na leo hata chama kidogo kisicho na ofisi huweza kuweka hesabu zake katika kompyuta nyumbani kwa Katibu. Jambo hilo ni jema, ila lina taratibu zake.

Kwanza, mahali. Hapa Raskazone upepo wa bahari huja na unyevu na chumvi, navyo hula vyuma vya ndani ya mashine. Kompyuta isiwekwe penye dirisha lielekealo baharini, nayo ifunikwe ikisha kuzimwa na kupoa.

Pili, umeme. Betri ya akiba inunuliwe pamoja na kompyuta, wala si baadaye. Umeme ukikatika, humpa Katibu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Tatu, upanuzi. Mashine ikizidiwa na kazi isitupwe upesi. Mara nyingi yatosha kuongeza kumbukumbu yake, mathalani kutoka gigabaiti 4 hadi 8.

Nne, na kubwa kuliko yote: hesabu ni mali ya wanachama. Nakala ya pili ikae kwa Mweka Hazina, na neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa, mikononi mwa Mwenyekiti. Katibu akihama au akifariki bila hayo, mwanachama atathibitishaje akiba yake? Wala daftari la mkono lisiachwe mpaka hesabu za miezi mitatu zilingane senti kwa senti.