Bandarini Kisangani, Upepo Hutangulia Mvua

Kwenye gati la Kisangani, makuli wengi hungoja matone ndipo waache kazi. Huwa wamechelewa. Dhoruba za hapa hutanguliza upepo, na upepo huo ndio unaoangusha mizigo.

Mji uko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na hakuna mwezi mkavu kweli, ingawa mvua huzidi Aprili na Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Jua la asubuhi huchemsha msitu uliolowa, mawingu hupanda, na alasiri au jioni hupasuka. Mara nyingi dhoruba hizi husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi; basi msimamizi aangalie mashariki, upande wa Bafwasende, si upande mto unakoelekea.

Mvua inayoshuka kutoka winguni huburuta hewa baridi. Hewa hiyo ikigonga ardhi husambaa kwa kasi, ikaitangulia mvua yenyewe. Mtu huhisi ubaridi wa ghafla shingoni, turubai huanza kupigapiga. Wakati huo mzigo uwe umeshashushwa. Chukua kontena tupu la futi 20: uzito wake ni tani 2 na ushee, ubavu wake karibu mita 16 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hulisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 110 hivi. Kasi ikifika kilomita 72, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, hukaribia kilo 450. Likiwa linaning'inia kwenye winchi, hakuna kuli wa kulizuia kwa kamba.

Radi ina kipimo kisicho na gharama. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwenda kilomita 1. Ukiona mmweko, hesabu: ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Kazi isimame, na isianze tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kimbilia jengo imara au kichwa cha lori kilichofungwa milango na vioo. Chini ya winchi au mwembe, hapana. Ng'ambo ya mto, kule Lubunga, inakoanzia reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, liko la ziada: reli hubeba umeme wa radi iliyopiga mbali. Usiikanyage, wala usiegemee behewa.

Wengi bandarini wanayajua haya, angalau nusu yake. Kinachokwamisha ni malipo. Kwa kibarua anayelipwa kwa gunia, nusu saa ya kungoja ni pesa iliyopotea, na ngurumo ya mbali haitamtoa kwenye tishari. Kwa maoni yangu, mwenye mzigo ailipe nusu saa hiyo, na wakubaliane hivyo kabla gunia la kwanza halijabebwa. Amri ya kusimamisha kazi iwe ya mtu mmoja, naye asiwe analipwa kwa gunia.