Gisenyi: Mlima wa Moto na Nyayo za Askari wa Kale

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, husifiwa kwa upepo mwanana wa Ziwa Kivu. Lakini askari apigaye doria mpakani, akiitazama Goma, hukanyaga ardhi yenye mengi yaliyofichika.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, baada ya kuivuka Rwanda, aliupanda mlima Nyiragongo. Baadaye Wajerumani walijenga Gisenyi kituo cha kijeshi. Mpaka wenyewe ulikatwa Ulaya, kwa mkataba wa mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, askari wa Kiafrika chini ya Max Wintgens waliushika mji huu dhidi ya Wabelgiji hadi mwaka 1916. Walisemezana kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Jina la kamanda limo vitabuni. Majina ya wengi wa askari wake hayamo.

Wazee nao wana masimulizi yao. Husema kwamba wafuasi wa Ryangombe, shujaa aliyeuawa na nyati, wakifa hustarehe katika baridi ya Karisimbi, na wasiomfuata huteswa katika moto wa Nyiragongo. Moto huo si wa hadithi tu. Mlima ulilipuka Januari 2002, ukalipuka tena Mei 2021. Matetemeko yakapasua majumba ya Rubavu, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kutafuta usalama.

Basi, ndugu askari, wakati wa mapumziko waulize wazee wa mahali unapolinda. Ukuta uliopasuka hujengwa upya. Habari isiyoulizwa huzikwa na mwenyewe.