Dreadi za Oili

Binamu yangu ako na Vitz ya teksi. Mtungi wa oili ni lita nne, na hiyo injini yake inameza tatu na kitu, ndo maana kila savis kuna kasehemu kanabaki. Mwaka jana alinikusanyia mabaki ya savis mbili, ikafika lita moja, akanichapia simu: "Buda, kuja uchukue. Ni sintetiki, 5W-40, hii ni ya wazito." Mi ni msee wa nduthi. Oili ya bure, tena ya wazito, nani angekataa? Nikamwaga ile 20W-50 yangu ya kila siku, nikaweka ya binamu, nikaingia Jogoo Road nikijiona niko Naivasha kwa Safari Rally.

Wiki ya kwanza, tamu. Wiki ya tatu gia zikaanza kiburi. Kutafuta fri kwa taa ikawa kama kutafuta keja ya elfu tatu Kilimani. Unakanyaga, inaruka hadi namba mbili. Injini ikishika moto inapiga makelele ya sufuria. Mathe mmoja nilikuwa nimembeba akaniuliza ka nimeweka vijiko kwa tanki.

Nikapeleka nduthi kwa mafundi wa Kirinyaga Road. Kijana wa kwanza akachomoa dipstiki, akaweka tone kwa kidole, akasugua na dole gumba, akaangalia juu ka anaomba. "Iko fiti hii. Bado inanata." Nikataka kuishia zangu. Lakini kulikuwa na fathe mmoja amekaa kwa kreti, overoli imeiva mafuta hadi inaweza simama peke yake. Akacheka.

"Kidole yako ina moto ngapi, kijana? Hiyo oili ikiwa kwa injini imepita mia. Kwa kidole yako kila kitu inanata."

Halafu akanigeukia. "Yako imenyolewa."

Sikushika. Akanifungulia somo hapo kwa kreti, na tangu siku hiyo siwezi angalia chupa ya oili bila kuona nywele.

Iko hivi. Oili ya namba mbili, ka 5W-40, kwa roho yake ni nyembamba. Ndani wanaweka polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Fathe anaziita dreadi. Oili ikiwa baridi, dreadi zimefungwa fundo juu ya kichwa, hazisumbui mtu, oili inapita mbio. Ikipata moto, zinafunguka, zinatanuka, zinajaza nafasi, na oili haigeuki maji vile ingegeuka. Hivo ndo mafuta moja inavaa namba mbili.

Hiyo W yenyewe ni ya winter, majira ya baridi, na si baridi yetu. 5W inapimwa ikizungushwa kwa nyuzi 30 chini ya sufuri, 20W kwa 15 chini ya sufuri. Nairobi Julai ikikaza ni kumi juu ya sufuri, na watu tayari wamevaa marvin mbili. Kwa hivo hiyo namba ya kwanza wasee wanaringia mtaani, mingi yake hatutawai itumia. Ya pili ndo yetu: inapimwa kwa nyuzi 100. Forti inafaa icheze kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Fifti inaanza hapo 16.3 hadi 21.9.

Sasa, dreadi zinaweza patwa na mambo mawili. Ya kwanza ni upepo. Oili ikipita mbio mahali pamebana, ka kati ya beringi na kranki, nafasi nyembamba kuliko unywele, dreadi zote zinalala upande mmoja na oili inalegea kiasi. Ikitoka hapo zinasimama tena. Hiyo si noma, na wakati mwingine inasaidia ju injini inazunguka rahisi. Ya pili ni kinyozi. Minyororo inakatika katikati, na ikikatika imekatika. Hakuna kuota. Chupa ilisema forti, lakini yenye iko kwa injini yako imeshuka, imekuwa ka thati, na dipstiki haitakuambia ju kiwango ni kile kile.

Kwa Vitz ya binamu, kinyozi ni mpole. Pampu inakata kidogo, cheni inakata kidogo, giaboksi iko na mafuta yake kando. Nduthi nayo ni ploti ya chumba moja: pistoni, klachi na gia zote zinaishi kwa hiyo lita moja. Na meno ya gia ndo kinyozi mwenyewe. Kila ukipanda Mlima wa Ngong na abiria wawili na gunia ya viazi, hayo meno yanasaga polima ka mashine ya posho. Oili ya binamu haikuwa feki. Ilikuwa poa, ila ilizaliwa kwa mtaa mwingine.

Na kulikuwa na makosa ingine, yangu. Nilidhani pengo kubwa kati ya namba ndo utajiri. Kumbe ukitaka oili ya aina ile ile ivuke kutoka 5 hadi 40, kawaida unaiongezea dreadi, na penye kuna dreadi mingi ndo kinyozi anapata kazi. Sintetiki safi inajitetea kiasi ju mafuta yake ya msingi haihitaji nywele mob. Zile oili za zamani za namba moja, zenye madere wa mat wa enzi za fathe walikuwa wanaapa nazo, hazikuwa na dreadi kabisa. Upara. Utanyoa nini?

Wajapani waliona mapema shida ya kuweka oili ya gari kwa nduthi. Oili za magari zilikuwa zinatengenezwa za kuteleza sana, na klachi ya nduthi, yenye inaogelea kwa oili hiyo hiyo, ikaanza kushindwa kushika. 1998 wakatoa kipimo cha JASO cha nduthi za stroki nne. Cheki nyuma ya chupa, tafuta alama ya MA. Kwa huo mtihani klachi inapimwa, na pia oili inasukumwa kwa presha kupitia nozo ya dizeli mara 30, ikatwe makusudi, halafu wanaangalia imebaki nini. Fifti isishuke chini ya 15. Soma hiyo tena na zile namba za juu: 15 ni forti. Yaani hata oili imepita mtihani inakubaliwa kushuka daraja moja. Nilipoambiwa hivo nilinyamaza kidogo.

Tangu hapo nimeacha tabia yangu ya zamani ya kuweka chupa ya bei ya chini alafu kuivuta hadi iwe lami. Na wale wa kuangalia rangi, pia hao nimewatoka: oili inaweza kuwa nyeusi na bado ina nguvu, inaweza kung'aa na imenyolewa kipara. Nilirudi kwa 20W-50 yenye imeandikwa MA, naimwaga kilomita zikifika, sio nikikumbuka. Fri nayo ikarudi ka haikuwa imepotea.

Wiki iliyopita binamu amepiga tena, ako na lita ingine. Nimeichukua. Geti ya ploti yetu ilikuwa inalia usiku hadi landilodi anajua saa mi naingia. Sahi hajui.