Kabla ya Kuwasha Taa

Katika fukwe za Magu, mvuvi wa dagaa na mbalamwezi hawapatani. Giza likiwa nene, mitumbwi hutoka na taa zake, na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Dagaa huifuata taa kwa kuwa hakuna mwanga mwingine wa kufuata. Mwezi ukikomaa, mwanga hutapakaa ziwani kote, taa hukosa mvuto, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kupumzika. Usiku huo ambao mvuvi analala ndio ninaomshauri anayeanza kuendesha baiskeli ya milimani gizani aamke.

Vijana wakinijia kuhusu jambo hili, swali lao la kwanza huwa: ninunue taa gani? Ni swali zuri, ila nafasi yake ni ya nne. Kwanza chagua usiku, kisha njia, kisha yaelewe macho yako. Taa inafuata baada ya hayo. Anayeanza na taa hununua mwanga mkali wa kumulika mahali asipopajua, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Wala tusidhani kwamba huu ni mchezo wa kigeni. Ni kweli kwamba baiskeli ya milimani ilizaliwa California katika miaka ya 1970, na kwamba mwaka 1992 huko West Virginia, Marekani, yalianza mashindano ya kuzunguka porini saa 24 mfululizo, usiku ukiwemo. Lakini Msukuma aliyefunga tenga la samaki kwenye baiskeli ya Phoenix na kutoka alfajiri ili awahi mnadani alikuwa amekwisha kuujua ufundi huu. Tunachoongeza sisi ni gia, breki bora, na nia ya kuendesha kwa ajili ya afya na furaha.

Chagua usiku

Magu iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Huku jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo jioni yetu ni fupi. Kwa mwaka mzima linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:05 hivi, na dakika kama 20 baadaye huwezi tena kutofautisha jiwe na kinyesi cha ng'ombe. Anayesema "nitarudi kabla giza halijaingia" hujikuta katikati yake.

Basi toka usiku wa mwezi kumi na nne. Usiku huo mwezi huchomoza jua linapozama, nawe unakabidhiwa kutoka mwanga mmoja hadi mwingine. Baada ya hapo mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku tatu baada ya kutimia, utakaa gizani zaidi ya saa mbili kabla hujauona. Kwa hiyo usiku wa 12, 13 na 14 ndio wa mwanafunzi. Miezi ya Juni hadi Agosti inafaa kuliko yote, maana njia ni kavu na mawingu ni machache.

Chagua njia

Tafuta mzunguko wa kilomita tano hadi nane karibu na kwako. Uendeshe mchana mara tatu, mara moja kati ya hizo kwa kuugeuza uelekeo, kwa sababu mteremko ukigeuka kuwa mlima unakuwa njia nyingine kabisa. Kisha uendeshe mara moja wakati wa machweo. Weka alama kichwani: mwembe uliopinda, mwamba mkubwa, pampu ya kisima, korongo lililokatwa na mvua za mwaka jana. Usiku usiende popote ambapo hukupita juma hilohilo, kwani mvua moja au mkokoteni mmoja unatosha kuibadili njia.

Kaa mbali na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Ina mabasi, ina malori yanayoelekea mpaka wa Sirari, na mwanga wao utakupofusha. Njia zetu nzuri ni zile za ng'ombe na za miguu zinazopanda na kushuka vilima kati ya Kisesa, Nyanguge na Magu mjini. Nyingi zimezungushiwa minyaa pande zote mbili. Kumbuka tu kwamba utomvu wa mnyaa huunguza jicho vibaya, na tawi lisiloonekana usiku liko usawa wa uso. Vaa miwani isiyo na rangi. Miwani hiyohiyo itakukinga na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi.

Yaelewe macho

Ndani ya jicho kuna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Koni, kama milioni sita kwa kila jicho, ni za rangi na mambo madogo madogo, na zinahitaji mwanga mwingi. Rodi, kama milioni mia moja, zinafanya kazi gizani lakini hazijui rangi. Rodi huchukua dakika 20 hadi 30 kuamka sawasawa. Zikiamka, mwanga wa mwezi mpevu, ambao ni hafifu mara kama laki nne kuliko wa jua, unatosha kukuonyesha njia ya mchanga. Ukiangalia simu au taa ya gari kwa sekunde chache, kazi yote hiyo huharibika na unaanza upya.

Kwa hiyo kaa nje gizani nusu saa kabla ya kupanda baiskeli. Kagua upepo wa matairi, paka mafuta mnyororo, usitazame simu. Taa nyekundu hafifu itakusaidia kuona spana bila kuzisumbua rodi, kwani haziujali sana mwanga mwekundu. Gari likija, fumba jicho moja. Likishapita, lile lililofumbwa litakuwa bado linaona.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba katikati kabisa ya jicho hakuna rodi. Ukikikazia macho kitu hafifu gizani, kinapotea. Tazama pembeni yake kidogo, kitarudi.

Rodi hutengeneza kemikali yake kwa vitamini A. Mtu anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanaona vizuri asinunue taa kali zaidi. Aende kituo cha afya. Vitamini hiyo iko kwenye maini, mayai, mchicha, maembe na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula kizuri cha kubeba mfukoni, hakiozi upesi na kinatia nguvu, lakini kiazi cheupe hakina vitamini A ya maana. Ukipanda, panda na cha chungwa.

Sasa, taa

Miaka kadhaa iliyopita niliteremka kilima jirani na Kisesa nikiwa na taa moja tu, niliyoifunga kwenye helmeti. Ilikuwa kali na niliiamini. Njia ilionekana tambarare kama meza. Tairi la mbele likaingia kwenye korongo nililokuwa nikilipita kila siku mchana, nami nikavunjika mtulinga.

Kosa halikuwa uhaba wa mwanga. Jicho hutambua shimo kwa kuona kivuli chake. Taa iliyo kichwani iko karibu na jicho, hivyo kila kivuli hujificha nyuma ya kitu kilichokitupa, na njia nzima huonekana bapa. Taa iliyofungwa kwenye usukani iko chini ya macho, na kutoka hapo vivuli vya mawe na mashimo huonekana virefu na vyeusi. Hivyo taa ya kwanza kununua ni ya usukani, yenye mwanga mpana. Ya pili, yenye mwanga mwembamba, ndiyo ya helmeti, ikusaidie kuona kona kabla usukani haujageuka. Nyuma weka taa nyekundu, na kwenye vifundo vya miguu funga utepe unaoakisi mwanga. Miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba yule ni binadamu kwenye baiskeli.

Nguvu ya taa hupimwa kwa lumeni. Kwa njia laini na mwendo wa pole, 200 zinatosha; kwa njia ya mawe tafuta 500 au zaidi. Kuziongeza kuna gharama yake. Betri moja ya lithiamu ya ukubwa wa kidole gumba hubeba nishati ya takriban wati 10 kwa saa moja. Taa ya lumeni 1,000 huimaliza ndani ya saa moja hivi. Ya lumeni 200 huenda kama saa tano. Tena, mwanga hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali: kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu. Dainamo ya zamani inayosuguana na tairi haiishiwi betri, lakini hufifia kila unapopunguza mwendo, yaani pale hasa njia inapokuwa mbaya. Ibaki kuwa ya barabarani. Na tochi ndogo ya akiba ikae mfukoni siku zote.

Mwendo usiizidi taa. Ukienda kilomita 15 kwa saa, unasafiri mita nne kila sekunde. Hesabu sekunde moja na nusu ya kuona na kushtuka, ongeza umbali wa breki, utasimama baada ya mita 9 hivi. Kwa kilomita 25 kwa saa, umbali huo unafika mita 18, na kwenye changarawe unazidi. Kama taa yako inakuonyesha vizuri mita 12 tu, mwendo wako umekwisha kupangwa.

Kusoma udongo gizani

Usiku rangi hupotea, na anayeujua udongo wake anapata faida kubwa. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyopangika kutoka kilimani hadi bondeni kwa mfuatano ule ule, akauita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Usukuma walikuwa tayari na jina kwa kila pingili.

Juu, chini ya miamba ya matale, kuna luseni, mchanga mweupe. Huo hurudisha mwanga, unauona hata bila taa, lakini ni laini na tairi la mbele hutaka kuzama. Sogeza uzito nyuma na usivunje mwendo ghafla. Chini yake kuna itogolo na ibambasi, ardhi ngumu inayopendeza kiangazi na kuteleza vibaya ikinyeshewa. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaomeza mwanga wa taa yoyote. Kiangazi huwa na nyufa zinazoweza kunasa tairi jembamba. Masika huganda kwenye magurudumu hata yasizunguke. Ukihisi taa yako imefifia ghafla wakati betri imejaa, jua umefika mbugani, na upunguze mwendo.

Watu na wanyama

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kupambana na wizi wa mifugo. Mtu anayepita kasi usiku kwenye njia ya ng'ombe, akiwa na taa kali na asiyesema neno, ana kila sura ya mwizi, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima hutoka. Kwa hiyo mjulishe mwenyekiti wa kitongoji kabla, mwambie mko wangapi na mtapita wapi. Mkisimamishwa, simameni, shukeni, elekezeni taa chini, msalimie kwa "Mwadila" na mngoje kujibiwa. Msiende chini ya watu wawili. Watatu ni bora, ili mmoja akiumia, mmoja abaki naye na mwingine afuate msaada.

Kwa wanyama, katazo langu la kwanza ni la kiboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, naye huweza kutembea kilomita kadhaa na kukimbia kasi kuliko baiskeli njiani. Usiendeshe kandokando ya ziwa, mto Simiyu, mabwawa wala majaruba ya mpunga baada ya jua kuzama, hata kama mchana ni njia yako ya kila siku. Kifutu naye hupenda kulala kwenye njia yenye joto la jua. Vaa viatu vilivyofunikwa na usikanyage nyasini unaposimama. Macho ya ng'ombe na mbuzi hung'aa kwenye taa, na hilo litakusaidia kuwaona mapema. Shati la mikono mirefu halina mjadala, maana mbu wa malaria huuma usiku.

Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka na solusheni. Miiba ndiyo adui wa kila tairi letu. Fanya zoezi la kubadili tyubu nyumbani ukiwa umefumba macho, mpaka mikono ijue yenyewe.

Miezi mitatu ya kwanza

Mwezi wa kwanza, toka usiku wa 13 na 14 tu, kwa saa moja. Mwezi wa pili, ongeza mzunguko wa pili kwenye njia ileile. Mwezi wa tatu, toka siku chache baada ya mwezi kutimia, uanze gizani kwa taa na umalizie kwa mbalamwezi.

Ukiyamaliza hayo, subiri giza la mwezi, usiku wa wavuvi. Panda na wenzako hadi juu ya kilima mnachokijua, simameni, zimeni taa, mngoje nusu saa. Chini yenu taa za dagaa zitakuwa zimetapakaa ghubani, kila moja ikining'inia mahali ambapo mwenye nayo amepajua tangu utotoni. Kisha geuka uitazame njia uliyopandia. Kama unaweza kuwaeleza wenzako korongo liko wapi, mchanga unaanzia wapi na mwembe uko upande gani, kabla ya yeyote kubonyeza swichi, washa taa na uteremke.