Chonge za Mla Majani

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe hufundishwa kwamba meno ya mnyama hueleza chakula chake. Mbwa ana chonge za kurarulia nyama. Mbuzi hana chonge, bali ana magego mapana ya kusagia majani. Je, tuseme nini juu ya mnyama aliyekuwa na chonge na magego pia?

Mnyama huyo ni Heterodontosaurus, yaani mjusi mwenye meno ya namna mbalimbali. Alikuwa dinosau mdogo aliyeishi kusini mwa Afrika yapata miaka milioni 200 iliyopita. Wataalamu Crompton na Charig walieleza fuvu lake mwaka 1962, na mwaka 1966 yakapatikana mabaki ya kiunzi karibu kizima. Urefu wake ulizidi kidogo mita moja. Alitembea kwa miguu ya nyuma, na mikono yake yenye vidole vitano iliweza kushika.

Na tuutazame mdomo wake. Ncha ya taya la chini ilikuwa na mfupa wa pekee, wenye ukingo wa kukatia majani kama mdomo wa kobe. Nyuma yake ilisimama chonge ndefu, na taya la juu lilikuwa na pengo la kuipokea mdomo ufungwapo. Kisha yalifuata magego yaliyobanana, yenye umbo la patasi. Tabaka gumu la nje la kila gego lilikuwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Upande mwembamba ulilika upesi, na hivyo ukingo ukabaki mkali. Kiungo cha taya kilikuwa chini ya safu ya meno, kwa hiyo magego yalikutana karibu yote kwa pamoja. Hicho ni kinywa cha mla mimea. Nyasi hazikuwapo bado. Nchi ilikuwa na mimea kama kangaga na mitapo.

Chonge, basi, zilikuwa za nini? Baadhi ya wataalamu walidhani ni silaha za madume waliokomaa. Lakini mwaka 2008 lilielezwa fuvu la mtoto, lenye urefu wa sentimita 4.5 hivi, nalo lilikuwa na chonge tayari. Dhana ile ikadhoofika. Huenda zilitumika kujihami, au kukamatia wadudu na wanyama wadogo mara mojamoja.

Ngiri naye ana meno ya kutisha, ilhali chakula chake kikubwa ni nyasi. Kwa hiyo mwanafunzi asihukumu kwa jino moja. Achunguze magego, kiungo cha taya na alama za kulika. Ushahidi huo ukipatana, ndipo aamue.